Gavana alipata wapi nguvu ya kumgomea jenerali? Georgia, 1864

Swali la msomaji: "Mimi niko Nakuru, siku hizi nasoma habari za vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Nimekuta kwamba Joe Brown, gavana wa Georgia, aliwaondoa askari wake kwa Jenerali Hood wa jeshi la Kusini mwaka 1864 wakati adui kashaingia Atlanta, na kabla ya hapo miaka miwili mizima alikuwa anazuia watu wa jimbo lake wasichukuliwe jeshini. Sasa gavana anapata wapi nguvu hizo? Hapa kwetu gavana hata askari polisi hamwamuru. Na ni kweli Kusini ilishindwa kwa sababu ya magavana kama huyu?"

Jibu:

Ndugu yangu, hapo kuna mambo mawili na watu wengi huyachanganya, nguvu za gavana na lawama za kushindwa. Tuanze na nguvu, lawama itakuja yenyewe.

Kwanza msahau kabisa gavana wa kaunti unayemjua wewe. Gavana wa jimbo la Marekani zama zile alikuwa na jeshi lake, yaani mgambo. Karibu kila mwanamume mweupe wa umri wa kubeba bunduki alihesabika mgambo wa jimbo, gavana ndo mkuu wao na jimbo ndilo linalotoa vyeo kwa maofisa, hata ghala za silaha za jimbo ziko chini yake. Vita ilipoanza 1861 serikali kuu ya Kusini, yaani ya majimbo yaliyojitenga na Marekani, ya Rais Jefferson Davis pale mji mkuu wake Richmond, haikuwa na jeshi lolote la maana, ikawaomba magavana, na magavana ndio waliokusanya regimenti, yaani vikosi vya askari, wakazivisha wakazitafutia bunduki halafu wakazikabidhi. Kwa hiyo Brown na wenzake waliingia vitani wakijua kabisa kwamba watu ni wao na Richmond imekuja kuomba. Na vile vyeo usivichukulie poa, kumteua mtu kanali ilikuwa ni siasa tupu, kanali ana ndugu zake, ana wilaya yake, na gavana anachaguliwa kwa kura (Brown alishinda uchaguzi mara nne, 1857 hadi 1863).

Aprili 16, 1862 ndo mambo yakageuka. Bunge la Richmond likapitisha sheria ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima, wanaume weupe wa miaka 18 hadi 35, miaka mitatu, na wale waliojitolea kwa mwaka mmoja wakaambiwa hamna kurudi nyumbani, mnabaki. Serikali kuu ilikuwa haijawahi kufanya hivyo popote Marekani, Kaskazini wenyewe walipitisha ya kwao Machi 1863. Ukipiga hesabu unaelewa kwa nini, Kusini ilikuwa na watu weupe kama milioni tano na nusu, Kaskazini wako zaidi ya milioni 20, na muda wa wale wa mwaka mmoja unakwisha kipindi kilekile ambacho jeshi la Kaskazini linasogea Richmond. Septemba hiyohiyo umri ukapandishwa hadi 45, na Februari 1864 ukatanuliwa tena, 17 hadi 50.

Kilichomuuma Brown hakikuwa watu kwenda vitani, maana Georgia ilitoa watu zaidi ya 100,000 kwenye vita ile. Kilichomuuma ni kwamba zamani Richmond ikitaka watu inamwambia gavana, gavana anawatoa wakiwa na maofisa wao, sasa ofisa wa uandikishaji anaingia kaunti moja kwa moja na kumshika mtu mkono bila gavana kuulizwa. Brown akaanza kumwandikia Davis barua mwezi uleule wa Aprili, wakajibizana kwa miezi, na barua zenyewe zikachapishwa zikasomwa na umma. Hoja yake ilikuwa hii: katiba inasema mgambo maofisa wake wanateuliwa na jimbo, sasa kama Richmond inaweza kumchukua kila mwanamume mmojammoja basi mgambo haupo tena, na kama mgambo haupo basi jimbo limebaki jina. Davis akamjibu kwamba katiba hiyohiyo inalipa bunge mamlaka ya kuunda majeshi, kuunda jeshi ni jambo moja na kuita mgambo ni jambo lingine, na bunge haliombi ruhusa ya gavana kufanya kazi yake. Novemba 1862 kesi ikafika Mahakama Kuu ya Georgia yenyewe, Jeffers dhidi ya Fair, na majaji wa jimbo lake Brown wakasema sheria ni halali.

Kwa sheria alikuwa ameshindwa, akahamia kwenye vyeti vya kuwaachia watu wasiandikishwe. Sheria ya uandikishaji ilikuwa na orodha ya watu wasioguswa, na humo ndani walikuwemo maofisa wa serikali za majimbo, na kuanzia Mei 1863 gavana mwenyewe ndo alipewa nafasi ya kusema ofisa gani ni wa lazima kwa uendeshaji wa jimbo. Unaona mlango huo ulivyo mpana! Brown akawahesabu maofisa wote wa mgambo humo ndani na akatishia kuwakamata maofisa wa Richmond watakaowagusa. Sasa jiweke kwenye nafasi ya ofisa wa uandikishaji, unaingia kaunti fulani ya Georgia 1863, kijiji kimebaki wanawake na wazee na watoto, halafu unakutana na jamaa wa miaka 28, mzima wa afya, anakunjua karatasi yenye mamlaka ya gavana, yeye ni luteni wa mgambo. Luteni wa nani? Askari wake wote wameshachukuliwa na sheria ileile, kimebaki cheo bila kikosi. Askari walioko mstari wa mbele waliwachukia sana hawa mabwana, wakawaita "vipenzi wa Joe Brown", na mama ambaye wanawe watatu wako Virginia akimwona luteni wa namna hiyo sokoni sidhani kama alihitaji kuelezwa habari za katiba.

Lakini usiishie hapo kwenye vyeti ukasema gavana alikuwa analinda marafiki tu. Yalikuwepo, ila kulikuwa na jambo zito zaidi. Wanaume wakiondoka nani analima? Mashamba madogo ya milimani kaskazini mwa Georgia, huko Brown alikokulia mwenyewe akilima kwa ng'ombe, hayakuwa na watumwa wa kutosha, mume akienda mahindi hayavunwi, na chumvi ilikuwa haishikiki kwa bei mpaka serikali ya jimbo ikawa inagawa chumvi kwa familia za askari. Mke wa askari akikosa chakula hamwandikii Jenerali Lee, mkuu wa jeshi la Kusini kule Virginia, anamwandikia gavana. Kamanda anahesabu bunduki alizonazo mbele ya adui, gavana anahesabu nyumba zisizo na mwanamume, na wote wawili wanamtaka mtu yuleyule mmoja. Hapo ndipo ugomvi wote ulipozaliwa na ningekuomba usilipoteze hilo ukiendelea kusoma, maana vitabu vingi vinakuchukua kwenye katiba wanakuacha hukohuko.

Na kuna hili ambalo linabidi lisemwe wazi. Sababu nyingine ya kutaka wanaume weupe wabaki nyumbani ilikuwa ni kuwalinda watumwa wasitoroke na wasiinuke. Kusini ilikuwa na watumwa kama milioni tatu na nusu. Oktoba 1862 Richmond ikapitisha kifungu kwamba shamba lenye watumwa 20 au zaidi linaruhusiwa kubaki na mwanamume mmoja mweupe asiyeandikishwa, na wakulima maskini wakaona wazi kwamba tajiri anabaki na wao wanakwenda. Juu ya hapo mwenye pesa aliweza kumlipa mtu akaenda vitani badala yake, mpaka mlango huo ulipofungwa mwishoni mwa 1863 kuingia 1864. Kwa hiyo unaposoma Brown akisema uhuru wa raia unakanyagwa, kumbuka ni uhuru wa nani. Februari 1865 Richmond ilipokuwa inajadili kuwapa watumwa bunduki wapigane upande wa Kusini, Brown alisimama mbele ya bunge la jimbo lake akapinga. Na baada ya vita akatajirika kwenye migodi ya makaa ya mawe iliyochimbwa na wafungwa waliokodishwa na jimbo, wengi wao watu weusi.

Tuje kwa makamanda, na hapa nataka kuwatendea haki. Jenerali aliyeko mbele ya adui anapoteza watu kila siku kwa risasi, kwa kuhara, kwa utoro, na kila anapoomba nyongeza anaambiwa orodha ya Georgia imejaa vyeti. Baadhi walichoka kungoja. Jenerali Braxton Bragg mwaka 1863 alianzisha ofisi yake mwenyewe ya kukusanya watu, akamweka Jenerali Gideon Pillow, na Pillow akatumia wapanda farasi kusomba watu kwenye majimbo kama Alabama na Tennessee. Ikawa hata ofisi ya uandikishaji ya Richmond yenyewe inalalamika, achilia mbali magavana, maana kijana mmoja anaweza kutakiwa na Richmond, na Pillow, na gavana, wote wiki moja.

Mwaka 1864 ndo mzozo ulifika kooni, na Georgia ndipo palipokuwa pabaya kuliko kote. Mei Jenerali Sherman wa Kaskazini akaanza kushuka kutoka mpakani mwa Tennessee na watu kama 100,000, Jenerali Joseph Johnston wa Kusini anarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea Atlanta. Hapa Brown alifanya jambo ambalo wanaomlaani hulisahau, wale maofisa wa mgambo aliokuwa anawakingia kifua akawaita wenyewe, akawapa bunduki wasimame kama askari wa kawaida, wakaenda kwa Johnston kama 3,000. Julai 9 akaita waliobaki kabisa, vijana wa 16 na 17 na wazee wa 50 hadi 55. Ukiangalia umri huo utaona karibu wote ni watu ambao sheria ya Richmond haikuwa imewafikia, alikuwa anakusanya makombo. Mkuu wao akawa Jenerali Gustavus Smith.

Wakati huohuo yuko Howell Cobb, gavana wa zamani wa Georgia, sasa ni jenerali wa Richmond pale Macon, kapewa kazi ya kuunda vikosi vya akiba kwa watu wa 17 na wa 45 hadi 50. Yaani jimbo moja, majira yaleyale, gavana wa sasa na gavana wa zamani wanagombania wazee na watoto walewale, huyu anasema ni mgambo wangu, yule anasema ni wa akiba yangu, na kila mmoja anamwona mwenzake msaliti. Barua zao zina ukali ambao hata leo ukizisoma unaona kabisa hawa watu wasingeweza kukaa meza moja.

Brown pia alikuwa na kinyongo chake na mimi naona kilikuwa na haki. Miezi ya Juni na Julai alimbembeleza Davis kwa telegramu apeleke wapanda farasi wakakate reli iliyokuwa inamlisha Sherman, Davis akajibu kwa mkato kwamba hana wa kutoa. Julai 17 Johnston akaondolewa akawekwa John Bell Hood, na Septemba 2 Atlanta ikaanguka.

Sasa tufike Septemba 10 ambayo ndiyo uliyoiuliza. Brown anamwandikia Hood: mgambo niliwaita kuulinda mji wa Atlanta, Atlanta imeanguka, nawaondoa, wapewe likizo wakavune. Ukiisoma peke yake inaonekana ni usaliti mtupu. Lakini angalia tarehe. Agosti 30 Waziri wa Vita wa Richmond, James Seddon, alikuwa ameshatoa dai rasmi kwamba mgambo wa Georgia hadi 10,000, pamoja na hao walioko kwa Hood, waingizwe kwenye utumishi wa serikali kuu. Hilo likifanyika gavana hana tena sauti juu yao, wanaweza kupelekwa Virginia kesho asubuhi na Georgia ibaki wazi na Sherman kakaa katikati. Kwa hiyo kabla mkono wa Richmond haujawashika, Brown kawatoa, na Septemba 12 akamjibu Seddon kwamba hawatoi. Hood hakuwa na kifungu chochote cha kumzuia, walikuwa askari wa jimbo na mkuu wao ni gavana. Hizo ndizo nguvu ulizoniuliza, na kwa kuzitumia hakuvunja sheria.

Sherman naye akaona ufa akajaribu kupenya, akamtumia Brown ujumbe kupitia raia wa Georgia kwamba akilitoa jimbo lake vitani, jeshi litapita njiani bila kuharibu na litalipia chakula. Brown akakataa. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna wanaoandika kana kwamba alikuwa nusu upande wa adui, na haikuwa hivyo.

Novemba mgambo wakaitwa tena, Sherman ameanza kuelekea baharini. Novemba 22 pale Griswoldville, karibu na Macon, mgambo kama 3,700 wakakutana na brigedi moja ya Kaskazini isiyofika nusu ya idadi yao, iliyojikinga kwa mbao za uzio wa shamba, na baadhi yao wana bunduki za kurudia-rudia, zisizojazwa upya kila risasi. Smith alikuwa ameagiza wasipigane, yeye hakuwepo uwanjani, aliyekuwepo ni Jenerali Pleasant Philips na akaamuru washambulie. Walivuka uwanja wazi mara kwa mara mpaka jioni. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa mgambo walizidi 500, upande wa pili hawakufika 100. Askari wa Kaskazini walipotoka kuangalia waliolala pale wakakuta wazee wenye mvi na watoto, na kuna waliorudi kambini wakaandika kwamba hawataki kuona kitu kama kile tena. Ukimaliza kusoma hoja za Brown na Davis na Cobb nakuomba urudi pale Griswoldville, kwa sababu hao ndo watu wenyewe waliokuwa wanagombaniwa kwenye barua.

Georgia haikuwa peke yake ila mengine nayapitia haraka. North Carolina alikuwepo Zebulon Vance, kachaguliwa 1862 ana miaka 32 na alikuwa kanali vitani, huyu watu humweka kapu moja na Brown na mimi sikubaliani. Vance aligombana na Richmond kila mara, alikasirika waandikishwa walipoahidiwa kuchagua regimenti halafu ahadi ikafutwa, alikasirika walipomletea mtu wa Virginia kusimamia uandikishaji kwake, lakini sheria yenyewe aliitekeleza, mgambo wake walikuwa wanakamata watoro mpaka jaji mkuu wa jimbo lake, Richmond Pearson, akasema hawana mamlaka hayo, na ikabidi kiundwe kikosi kipya cha ulinzi wa nyumbani. Pearson huyohuyo alikuwa anawaachia waandikishwa waliofikishwa mbele yake. Na 1863 watoro walipozidi kwenye kaunti za kati kama Randolph, jeshi lilimtuma Jenerali Robert Hoke na askari kuwasaka, na Vance alikuwa upande wa kuwasaka. Texas kulikuwa na Pendleton Murrah akivutana na Jenerali Magruder, kaunti za mpakani waliandikisha wanaume wao kwenye vikosi vya kulinda mpaka ili wasichukuliwe, na wakasukumana mpaka 1864 Murrah alipolegea.

Na usifikiri ni ugonjwa wa Kusini tu. New York, Julai 1863, majina yalipoanza kutolewa kwa bahati nasibu mji ukalipuka siku nne, zaidi ya watu 100 wakafa, na watu weusi wakawindwa na kunyongwa barabarani wakati sheria wala hawakuitunga wao. Gavana Horatio Seymour akamtaka Lincoln, Rais wa Kaskazini, asimamishe uandikishaji mpaka mahakama ziamue. Jenerali John Dix wa jeshi la Lincoln akamwuliza Seymour kinagaubaga, utatoa mgambo wako kulinda uandikishaji au hutoi? Seymour akazungukazunguka. Lincoln Agosti 7 akakataa kusimamisha, ingawa hesabu ya watu waliotakiwa akakubali kuipunguza, wakaletwa askari wa serikali kuu kama 10,000 na Agosti 19 kazi ikaendelea. Tofauti iko hapo: Lincoln alikuwa na askari wa kumpita gavana. Davis angewatoa wapi, kwa Lee?

Sasa lawama. Kuna hoja ya siku nyingi kwamba Kusini iliuawa na haki za majimbo, na magavana ndio waliochimba kaburi. Mimi siikubali ikisemwa hivyo. Vyeti vya Georgia na North Carolina vilikuwa maelfu na viliuma, hasa kwa heshima ya sheria yenyewe, maana maskini akiona luteni hewa amebaki nyumbani naye anajiuliza kwa nini asirudi. Ila mgambo wa Brown wazee na watoto wasingeirudisha Atlanta. Askari waliokosekana walikuwa walewale walioandikishwa tayari. Septemba 23, 1864, siku 13 baada ya barua ya Brown, Davis alihutubia Macon, akamshambulia kwa ukali aliyesema kwamba yeye Davis ameitelekeza Georgia, jina hakulitaja lakini kila mtu pale alijua ni nani, na katika hotuba hiyohiyo akakiri hadharani kwamba theluthi mbili ya askari hawapo vikosini, wengine wagonjwa, wengine majeruhi, na wengi wao wameondoka bila ruhusa. Akawaomba wanawake wa Georgia wawarudishe.